Mikrobe za Matumbo na Mutu Aliyepandikizwa Uboho

Watu wengi wakisikia neno mikrobe wanafikiri ugonjwa tu. Si ajabu, kwa maana tumewafundisha hivyo. Tumesema juu ya mikrobe za kipindupindu, za kuhara damu na za kifua kikuu, na tumewaambia: chemsheni maji, chimbeni vyoo, naweni mikono. Mafundisho hayo hayajabadilika hata kidogo. Lakini ziko mikrobe nyingine ambazo hazikuja kutuua. Zinaingia ndani ya matumbo yetu tangu siku za kwanza za maisha, zinakula sehemu ya chakula chetu, na zinatufanyia kazi. Katika somo hili tunataka kueleza jinsi mikrobe hizo zinavyosaidia, au zinavyoharibu, maisha ya mugonjwa mumoja ambaye hali yake ni ngumu kuliko wengi: mutu aliyepandikizwa uboho.

Pengine mutauliza: sisi wa huku tuna neno gani na kazi hiyo ya hospitali kubwa za mbali? Tuna neno. Tuutazame ugonjwa wa drepanositozi, ule unaowapa watoto wetu maumivu makali ya mifupa na kuwamaliza damu. Mutoto aliyezaliwa nao anaweza kuondolewa ugonjwa huo kabisa kwa kupandikizwa uboho wa ndugu yake. Mwaka wa 1988 waganga wa Ubelgiji waliandika habari za watoto watano wa namna hiyo. Kufika mwaka wa 1998 walikuwa wamekwisha kuwapandikiza wagonjwa 50, wengi wao wa jamaa zilizotoka Afrika, na wengine wazazi wao walikuwa na nia ya kurudi kwao. Katika Tanzania, hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kazi ya kupandikiza uboho mwaka wa 2021, na hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye drepanositozi mwaka wa 2023. Kwa hiyo jambo hili limekwisha kukaribia kwetu, na wazazi wanauliza maswali.

Uboho ni kitu gani?

Ukivunja mufupa wa mbuzi unakuta ndani kitu laini chenye mafuta, ambacho watoto wanapenda kunyonya. Hicho ndicho uboho. Mutu naye anao, na ndani yake ndimo damu inamozaliwa. Humo mna chembe chache tunazoweza kuziita chembe mama, kwa sababu zinazaa chembe nyingine zote za damu: chembe nyekundu zinazochukua hewa, chembe nyeupe zilizo askari wa mwili, na vipande vidogo vinavyogandisha damu tukijikata.

Uboho ukipata kansa, au ukiwa unatengeneza damu isiyofaa, waganga wanaweza kuuharibu na kutia mwingine mahali pake. Hawapasui mifupa ya mugonjwa. Wanamupa dawa kali sana, na pengine mionzi, kwa muda wa siku chache, mupaka uboho wa zamani umekufa. Kisha wanamutilia chembe mama za mutu mwingine katika mushipa, kama vile tunavyotia damu kila siku katika hospitali zetu. Chembe zile zinatembea katika damu na kufika zenyewe ndani ya mifupa, bila kuonyeshwa njia. Huko zinakaa na kuanza kuzaa.

Munganga E. Donnall Thomas wa Marekani aliandika juu ya wagonjwa wake wa kwanza mwaka wa 1957. Mwaka uliofuata munganga Georges Mathé, katika Paris, alitia uboho wa watu wengine ndani ya watu watano wa Yugoslavia walioumizwa na mionzi ya atomu katika ajali ya Vinča, wanne wakaishi. Lakini katika miaka ile ya kwanza wagonjwa wengi wa kansa ya damu waliopandikizwa walikufa, na waganga wengine waliiacha kazi hiyo wakiona haina tumaini. Thomas hakuiacha. Mwaka wa 1990 alipewa zawadi ya Nobel.

Hatari mbili zinazopita matumboni

Tangu siku uboho wa zamani unapokufa mupaka uboho wa kigeni unapoanza kuzaa, zinapita juma mbili, tatu, pengine nne. Katika siku hizo mugonjwa hana askari. Hana hata mumoja wa kuhesabika. Kidonda kidogo cha mudomo kinaweza kumuua.

Sasa fikirini juu ya matumbo. Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya chembe, na chembe hizo zinakufa na kuzaliwa tena kila siku chache. Dawa kali za kuua uboho zinaua hasa chembe zinazozaliana upesi. Kwa hiyo zinauumiza ukuta huu pamoja na uboho. Ndani ya utumbo kuna mikrobe nyingi kupita kiasi. Waliohesabu wanasema mutu muzima wa kilo 70 ana bakteria kadiri ya trilioni 38, maana yake 38 na sifuri kumi na mbili nyuma yake, na karibu zote zinakaa katika utumbo mupana. Upande mumoja wa ukuta kuna hao wote, upande wa pili kuna damu isiyo na askari, na ukuta wenyewe una matundu. Hiyo ndiyo hatari ya kwanza: mikrobe kuvuka na kuingia katika damu.

Hatari ya pili inakuja baadaye, wakati uboho wa kigeni umekwisha kushika kazi na watu wa nyumbani wamekwisha kufurahi. Askari wanaozaliwa si askari wa mugonjwa. Ni wa yule aliyetoa uboho. Wanatazama mwili ule na kuona nyumba ya kigeni. Pengine wanatulia. Pengine wanaanza kumupiga mwenye nyumba. Wanapiga ngozi, wanapiga ini, na kwa ukali zaidi wanapiga matumbo. Mugonjwa anahara lita moja na nusu kwa siku, au zaidi, na pengine damu. Waganga wameupa ugonjwa huu jina refu. Sisi tutauita vita ya askari wageni. Kansa ya damu ikiisha kuondoka, vita hii ni mojawapo ya mambo yanayowaua wagonjwa wengi zaidi.

Zamani waliwaza: tuziue zote

Kama mikrobe za matumbo ndizo zinazovuka, si afazali kuziua zote mbele ya kuanza? Waganga waliwaza hivyo, na hawakuwaza vibaya. Kuna panya waliolelewa katika masanduku yasiyo na mikrobe hata moja. Mwaka wa 1971 watafiti wa Marekani, na mwaka wa 1974 watafiti wa Uholanzi, walionyesha kwamba panya wa namna hiyo wakitiwa uboho wa panya wengine, vita ya askari wageni inakuwa ndogo. Basi katika hospitali kubwa walitengeneza vyumba vyenye hewa iliyochujwa. Chakula kilipikwa mupaka kisibaki na uhai wowote. Mugonjwa alinywa antibiotiki zisizoingia katika damu, za kusafisha matumbo tu, na aliwaona jamaa zake kwa mbali. Mwaka wa 1983 waganga wa Seattle waliandika kwamba, kati ya wagonjwa ambao uboho wao ulikauka na ambao walipata uboho wa ndugu, wale waliokaa katika vyumba hivyo waliishi zaidi.

Lakini panya wa sanduku hakuwa na mikrobe tangu kuzaliwa. Mutu anazo tangu utoto, nazo ni za aina mamia. Kuziua zote ni kazi ngumu sana. Mara nyingi antibiotiki inaua zile za upole na kuziacha zile zilizozoea dawa. Kila mukulima anajua jambo hili. Ukichoma shamba la zamani na kuliacha, kinachoota kwanza si maharagi wala muhindi. Ni majani yale makali yenye mizizi isiyokufa. Yanajaza mahali pote, kwa sababu hakuna kitu kinachosimama mbele yake.

Walivyojifunza kuzihesabu

Kwa miaka mingi haikuwezekana kujua ni mikrobe gani zinakaa ndani ya mutu, kwa sababu nyingi za matumbo zinakufa zikiguswa na hewa, hazioti katika chupa za maabara. Karne hii ilileta vyombo vinavyosoma maandiko madogo yaliyo ndani ya kila chembe hai, yale yanayoitwa DNA. Sasa mutu wa maabara anachukua choo kidogo cha mugonjwa, anasoma maandiko, na kusema: humu mna aina nyingi zilizo sawasawa, au humu aina moja imewashinda wote. Wauguzi wa hospitali moja ya kansa ya New York walianza kukusanya vyoo vya wagonjwa wao kila juma na kuvitia katika barafu. Kazi hiyo si ya kupendeza, na watu wachache wangeifanya kwa furaha, lakini imetufundisha mengi.

Mwaka wa 2012 waliandika juu ya wagonjwa 94. Nyuma ya kupandikizwa, aina za mikrobe zilipungua sana kwa wengi, na mara nyingi aina moja ilishika utawala wa utumbo wote. Wakati mwingine ilikuwa enterokoko, mikrobe ambayo kwa mutu muzima ni chache na haisumbui. Enterokoko iliposhika utawala, hatari ya enterokoko isiyosikia dawa kuingia katika damu iliongezeka mara tisa. Na waliotumia dawa ya metronidazoli, ile inayouzwa katika kila soko letu kwa jina la Flagyl, walikuwa na hatari mara tatu ya kutawaliwa hivyo. Metronidazoli ni dawa njema kwa kazi yake. Inaua mikrobe zisizopenda hewa, na nyingi za zile njema za matumbo ni za namna hiyo.

Mwaka wa 2014 watafiti wale wale waliwatazama wagonjwa 80 katika siku zile uboho wa kigeni ulipoanza kuzaa. Waliwagawa katika makundi matatu, kwa wingi wa aina za mikrobe zilizobaki. Nyuma ya miaka mitatu, katika kundi lenye aina chache, waliokuwa hai walikuwa 36 kwa kila 100. Katika kundi la katikati walikuwa 60. Katika kundi lenye aina nyingi walikuwa 67.

Wagonjwa 80 ni wachache, na hospitali moja ni hospitali moja. Pengine ni chakula cha New York, au dawa za huko. Kwa hiyo walifanya tena, na safari hii waliungana na wengine: Durham katika Marekani, Regensburg katika Ujerumani, na Sapporo katika Japani. Watu wa Sapporo wanakula wali, samaki na majani ya baharini. Watu wa Regensburg wanakula mukate na nyama. Walikusanya vyoo 8,767 vya wagonjwa 1,362, na mwaka wa 2020 wakatoa habari. Mbele ya kupandikizwa, mikrobe za miji hii minne hazikuwa sawa kabisa. Nyuma ya kupandikizwa ziliharibika kwa njia moja mahali pote: aina zilipungua, na moja ikatawala. Katika New York, kati ya wagonjwa 354 waliobaki na aina nyingi, walikufa 104. Kati ya 350 waliobaki na aina chache, walikufa 136. Katika miji mingine mitatu pamoja, walikufa 18 kati ya 87 upande mumoja, na 35 kati ya 92 upande wa pili.

Ishara au sababu?

Hapa imetupasa kwenda polepole. Moshi unaonyesha moto, lakini moshi hauwashi moto. Mutu aliye mugonjwa sana anapewa antibiotiki nyingi, anakula kidogo, anahara; kwa hiyo mikrobe zake zinapungua kwa sababu ni mugonjwa. Akifa, je, alikufa kwa sababu ya mikrobe kupungua, au mikrobe zilipungua kwa sababu alikuwa njiani kufa? Hesabu peke yake haiwezi kujibu swali hilo, na mutu akikuambia kwamba limekwisha kujibiwa kabisa, usimuamini.

Lakini kuna sababu za kufikiri kwamba mikrobe zenyewe zinafanya kazi. Zile njema zinakula nyuzi za mboga, za maharagi na za matunda ambazo tumbo letu halina nguvu ya kuzivunja. Zikiisha kula, zinatoa kitu kinachoitwa butirati, na butirati ndiyo chakula cha chembe za ukuta wa utumbo mupana. Maana yake, ukuta unalishwa na wapangaji wake. Mwaka wa 2016 watafiti wa Marekani waliwapa panya waliopandikizwa uboho butirati, na vita ya askari wageni ikapungua. Tena, mwaka wa 2015, walioangalia wagonjwa katika New York waliona kwamba wale wenye mikrobe nyingi za jamii ya Blautia walikufa kidogo kwa vita hiyo.

Na kuna habari ya antibiotiki. Hiyo ndiyo inayowagusa zaidi waganga, kwa kuwa wao ndio wanaoandika dawa. Mwaka wa 2016 waliyapima maandishi ya wagonjwa 857. Karibu kila mugonjwa aliyepandikizwa anapata homa katika juma zile asizo na askari, na kila mumoja anapewa antibiotiki yenye nguvu. Lakini hawapewi ile ile. Waliopewa imipenemu, katika kila 100 walikufa 21 au 22 kwa vita ya askari wageni ndani ya miaka mitano. Wasiopewa dawa hiyo, 13. Kwa wale waliopewa piperasilini pamoja na tazobaktamu walikuwa 20, na wasiopewa 12. Dawa hizi zinaua mikrobe za namna nyingi sana, na hata zile zisizopenda hewa. Sefepimu na aztreonamu, zinazoziacha hizo zaidi, hazikuonyesha madhara hayo. Katika panya waliotiwa imipenemu walikuta jambo la kushangaza: mikrobe moja iliyobaki, iliyokosa chakula chake cha kawaida, ilianza kula ute unaofunika ukuta wa utumbo. Mupangaji mwenye njaa alianza kula nyumba.

Tusikilize vizuri maana ya hesabu hizi. Si kusema munganga aache antibiotiki. Mugonjwa asiye na askari akipata homa na asipotiwa dawa upesi, anaweza kufa mbele ya jua kuchwa. Mbele ya dawa hizi kuwako, ndivyo walivyokufa. Swali la munganga ni lingine: ipi, na kwa siku ngapi? Je, homa imekwisha kushuka na damu imepimwa safi. Naweza kubadili dawa kwa ile nyembamba zaidi? Anayekaa kando ya kitanda saa tisa ya usiku, na mutoto ana digrii 39 na nusu, hana nafasi ya kuwaza juu ya Blautia. Anatia dawa. Kesho yake, tubu za maabara zikiisha kujibu, ndipo kazi ya kufikiri inapoanza. Sisi tunaona hiyo ndiyo sehemu ngumu ya unganga, kuliko kupasua.

Habari ya chakula

Jamaa wa mugonjwa wanauliza daima: ale nini? Zamani alikatazwa matunda mabichi na mboga mbichi kwa woga wa mikrobe. Mwaka wa 2023 waganga wa Italia walitoa habari za wagonjwa 222. Nusu walikula chakula cha makatazo mengi. Nusu walikula chakula cha kawaida kilichooshwa na kutayarishwa kwa usafi, na matunda ndani yake. Magonjwa ya kuambukizwa hayakuzidi katika kundi la pili. Italia wana maji safi ya bomba katika kila jiko. Mahali ambapo maji ya kuoshea mboga yanatoka mutoni, haifai kuchukua habari ya Italia na kuifanya sheria. Mboga zipikwe, na matunda yawe ya kumenywa, kama ndizi na machungwa, nayo yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa mbele ya kumenywa.

Kuna habari nyingine juu ya maziwa. Mwaka wa 2019 watafiti walipima wagonjwa 1,325 na kuona kwamba waliotawaliwa na enterokoko walikuwa na vita ya askari wageni zaidi, na walikufa zaidi. Enterokoko inapenda sana sukari iliyo ndani ya maziwa. Walipowapa panya chakula kisicho na sukari hiyo, enterokoko haikuongezeka, na vita ikapungua. Wakatazama damu za wagonjwa wakaona kwamba wale ambao kwa kuzaliwa hawawezi kuvunja sukari ya maziwa wakiwa wakubwa, na katika Afrika watu wa namna hiyo ni wengi, enterokoko yao ilichelewa kuondoka nyuma ya antibiotiki. Kwa watu bado haijawa sheria. Lakini mugonjwa ambaye maziwa yanamujaza tumbo hewa asilazimishwe kunywa maziwa kwa kusema yatamupa nguvu.

Kuzirudisha mikrobe

Kama shamba limechomwa, si inawezekana kupanda tena? Wamejaribu. Katika New York waliwaomba wagonjwa watoe choo chao mbele ya kupandikizwa, kikawekwa katika barafu kali. Baadaye, wakati uboho wa kigeni ulipokuwa umeshika na hatari kubwa ya homa imepita, waliwarudishia mikrobe zao wenyewe kwa njia ya nyuma. Habari za wagonjwa 25 zilitolewa mwaka wa 2018: 14 walirudishiwa, 11 hawakurudishiwa. Waliorudishiwa walipata tena karibu aina zote walizokuwa nazo zamani. Wengine walibaki na shamba lao tupu.

Kuchukua choo cha mutu mwingine ni jambo lenye hatari. Mwaka wa 2019 katika Marekani wagonjwa wawili walipewa mikrobe kutoka kwa mutoaji mumoja, zikiwa ndani ya vidonge. Hakuna aliyejua kwamba choo chake kilikuwa na bakteria isiyosikia dawa nyingi. Iliingia katika damu ya wote wawili, na mumoja, aliyekuwa amepandikizwa chembe mama, akafa. Tangu hapo serikali ya Marekani imeagiza vipimo zaidi kwa watoaji. Mwaka wa 2023 watafiti wengine walitoa habari za wagonjwa 100, wengi wao waliopandikizwa na wengine wenye kansa ya damu isiyopandikizwa. Wengine walipewa vidonge vya mikrobe za watu wazima, wengine vidonge vitupu. Aina za mikrobe ziliongezeka, lakini homa na maambukizo hayakupungua kama walivyotumaini. Kwa hiyo matumaini yapo, na kazi haijaisha.

Kwa jamaa watakaomutunza mugonjwa

Mukienda na mutoto kupandikizwa uboho, au mukirudi naye, mwambieni munganga antibiotiki zote alizokunywa katika miezi iliyopita, hata zile mulizonunua sokoni bila karatasi ya hospitali. Leteni maboksi yake kama yapo. Musione haya, munganga hataki kuwakemea, anataka kujua ni mikrobe gani zimebaki na zipi zimezoea dawa.

Musimupe Flagyl, ampisilini au tetrasiklini kwa sababu tumbo linauma au anahara. Kuhara kwa mutu aliyepandikizwa kunaweza kuwa vita ya askari wageni, na hiyo haiponi kwa antibiotiki. Inatibiwa kwa dawa za kuwatuliza askari, na kila siku inayopotea ina bei yake.

Musimutie dawa ya miti wala maji kwa njia ya nyuma kwa bomba la mpira, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi kwetu. Kwa mutoto mwingine ni kosa dogo au kubwa. Kwa huyu, bomba likikwaruza ukuta kidogo tu, mikrobe zinapata mulango wa kuingilia katika damu. Vivyo hivyo kipimo cha homa: kitiwe kwapani, kisitiwe nyuma. Maziwa ya kuganda yaliyotengenezwa nyumbani, na vidonge vya mikrobe vinavyouzwa katika farmasi, asipewe mupaka munganga wake ameruhusu, kwa maana hata mikrobe ya upole inaweza kuingia katika damu ya mutu asiye na askari.

Na homa ikifika digrii 38, musimungojee mupaka asubuhi. Mupelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku na mvua inanyesha, na mukifika mulangoni semeni neno la kwanza kwamba alipandikizwa uboho, na ni siku gani. Akiandikiwa antibiotiki, musikatae kwa sababu ya mambo muliyosoma hapa.